Kikundi cha kuacha pombe hakina kibao barabarani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Habari za ulevi hazikosi magazetini. Leo mtambo wa gongo umevunjwa kando ya mto, kesho mvuvi kazama, keshokutwa baba kauza bati la nyumba. Habari isiyoandikwa ni ile anayoitafuta mke wa huyo aliyeuza bati: mume wangu amekubali kuacha, sasa hapa Mwanza tunaanzia wapi? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa mtu asiye na jibu, na moyo wa kukubali haukai. Unaamka naye asubuhi, jioni haupo. Sisi tunaoandika ni wahudumu wa afya na wanakikundi tunaokaa kwenye viti vya duara na watu hawa kila wiki. Ya kwetu hatutayasimulia. Tunataka kueleza kazi yenyewe inavyokwenda, kisha tuna ombi moja kwako.

Wengi huanza kinyume. Mtu akishatamka kwamba anaacha, ndugu humfungia ndani au humpeleka moja kwa moja kwenye maombi, nyumba ya soba, yaani makazi ya wanaoacha ulevi, au kikundi. Kikundi ni kizuri, ila hakitibu mwili, na mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unadai deni lake. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza muda wa saa 6 hadi 8 baada ya tone la mwisho. Degedege linaweza kupiga ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne kuna hatari ya kuchanganyikiwa: anaona wadudu wakitambaa ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, joto linapanda, hajui yuko wapi. Hali hiyo huua. Majirani husema karogwa, au "pombe zimemrudi", kumbe ni kukosa pombe ndiko kunakomwangusha.

Kipimo cha nyumbani ni kuzimua. Mtu anayeamka mikono ikitetemeka, akashindwa kufunga vifungo vya shati mpaka apate glasi ya kwanza ndipo atulie, huyo asikate pombe ghafla akiwa peke yake. Vivyo hivyo aliyewahi kuanguka degedege alipojaribu kuacha siku za nyuma, mwenye kifafa, mjamzito, na yule anayechanganya pombe na vidonge vya usingizi. Hao wote hospitali kwanza, kikundi baadaye. Aliye mbali, tuseme Ukara au kwenye kambi ya wavuvi kisiwani, asijifanye shujaa. Apunguze kidogo kidogo huku akipanga safari, na asisafiri peke yake.

Hapo kwenye safari ya majini tuseme zaidi kidogo. Mvuvi anayekunywa kila siku akiingia ziwani au akihamia kambi ambako hakuna kilabu, ameacha pombe bila kukusudia. Usiku wa pili ndio ule wa degedege, naye yuko kwenye mtumbwi, gizani, bila jaketi la kujiokoa. Mtu huyo akizama watu husema alikuwa amelewa. Hata mahabusu ni hivyo hivyo: aliyekamatwa na gongo Ijumaa jioni, Jumapili anatetemeka na kuropoka, na walinzi wanadhani anaigiza ili aachiwe. Tunaomba kila anayeshika funguo za chumba cha namna hiyo alijue jambo hili. Anayetetemeka apelekwe kwa daktari usiku uleule.

Njia ya matibabu ni ileile ya magonjwa mengine. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambayo kwa hapa ni Sekou Toure, na ikilazimu Bugando, hospitali ya kanda. Ukiruka ngazi bila barua, bima inaweza kukugomea na gharama ikakuangukia. Ila degedege na kuchanganyikiwa ni dharura, hazisubiri barua. Ulizia idara ya afya ya akili. Jina hilo huwakimbiza wengi, wakiogopa kuitwa vichaa, lakini ndiyo idara inayotibu uraibu, na kuingia mlango ule hakumwandikii mtu ukichaa popote.

Ukifika kwa muuguzi, usiseme "nakunywa kidogo tu". Taja chupa ngapi, za ukubwa gani, za asilimia ngapi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Tangu viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vipigwe marufuku tarehe 1 Machi 2017, chupa hiyo ndiyo inayozunguka mifukoni, na mtu husema kwa dhati kabisa kwamba "nimekunywa moja". Gongo haina lebo, na nguvu yake hubadilika kutoka mtambo hadi mtambo, kwa hiyo taja kipimo cha chombo: nusu lita ya chupa ya maji, mara ngapi kwa siku. Muuguzi anaweza pia kukuuliza maswali 10 yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Alama zake huanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wenye madhara, na 20 kwenda juu ni dalili kwamba pombe imeshakuwa tegemeo, mtu achunguzwe kwa kina. Ukidanganya hapo, unapewa dozi ya mtu mwingine.

Dozi yenyewe mara nyingi ni diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku kwa siku tano hadi saba, pamoja na vitamini B1. Hapa pana makosa matatu tunayoyaona kila mara. La kwanza ni dripu. Ndugu humpitisha mgonjwa kwenye duka la dawa "atundikiwe maji" ili pombe itoke. Mlevi wa muda mrefu huwa na upungufu mkubwa wa B1, na dripu ya glukosi isiyotanguliwa na B1 inaweza kumharibu ubongo: macho yanacheza, miguu haimbebi, kumbukumbu inapotea, na si zote zinazorudi. La pili ni kununua diazepamu mwenyewe na kuimeza juu ya pombe. Viwili hivyo vikikutana hulaza hata pumzi. La tatu ni methadoni. Wapo wanaosikia kuna dawa ya waraibu, wakaja wakitaka wapewe kikombe. Methadoni ni ya waliozoea heroini na dawa za jamii hiyo. Kwa pombe haina kazi.

Na kuna lile la nne ambalo halitoki hospitali. Kwenye nguzo za umeme, jirani na tangazo la mganga wa mapenzi, kuna karatasi inayosema "dawa ya kuacha pombe bila mwenyewe kujua". Unaambiwa umwekee kwenye uji. Hujui kilichomo, hujui kiasi, na mgonjwa hajui kwa nini moyo unamwenda mbio. Hospitali ipo dawa inayomfanya anayekunywa juu yake aumwe vibaya: uso unawaka, anatapika, presha inaanguka. Lakini hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo, na anayejua kwamba hata dawa ya kikohozi yenye kilevi inaweza kumletea shida. Kumtilia mtu dawa kwenye chakula ni hatari, na siku akigundua hatakula tena mkononi mwako wala hatakusikia ukimtajia kikundi.

Sasa kikundi. Kinapatikanaje, ilhali hakina kibao?

Hakina kibao kwa makusudi. Mtu hataki kuonekana na bosi wake au mama mkwe akiingia mlango ulioandikwa "walevi". Kwa hiyo habari zake hukaa kwa watu, nawe inakubidi ujue uwaulize watu gani. Wa kwanza ni muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu ndio wanaowaruhusu wagonjwa na kutaka kujua wanakwenda wapi. Usiishie dirisha la mapokezi, maana pale utaambiwa hakuna. Wa pili ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, Nyamagana au Ilemela, Magu au Sengerema. Wa tatu ni nyumba za soba. Hata kama hutaki kulala huko, uliza kama wana kikao cha waliokwisha kutoka, na kama mtu wa nje anaruhusiwa kuhudhuria. Wa nne ni ofisi ya parokia au ya usharika, ambako swali lako liwe hivi: "Je, kuna kikundi kinachoazima chumba chenu?" Ukiuliza kama kanisa lina kikundi cha walevi, utaelekezwa kwa wanamaombi. Wa tano, na hawa husahaulika, ni viongozi wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU. Wamekaa miaka mingi na mambo ya siri, dawa na kusaidiana, na wanamjua kila mtu anayefanya kazi kama yao mtaani.

Ukimpata wa kuuliza, uliza mambo haya kabla hujapanda daladala: siku gani, saa ngapi, mlango upi, lugha gani, na je, anayekuja kwa mara ya kwanza anakaribishwa au kikao ni cha wanakikundi tu? Vikundi vya mfumo wa AA (Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina) vina vikao vya wazi, ambavyo hata ndugu au mwanafunzi wa udaktari anaweza kuingia, na vya faragha, kwa wenye tatizo peke yao. Ukifika na kaka yako kwenye cha faragha, yeye atasubiri nje, na ni vizuri alijue hilo mapema asione amedharauliwa. Mwenye simu na bando anaweza pia kuhudhuria vikao vya AA vya mtandaoni, hasa aliye visiwani. Tatizo la hivyo ni lugha, vingi ni vya Kiingereza, na kwamba hakuna wa kukugongea mlango usipoonekana.

AA tunaitaja kwa sababu ndiyo iliyoenea duniani. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, kwa watu wawili tu, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba mlevi anapoongea na mlevi mwenzake kiu hupungua. Hakuna ada. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa. Hatua zao kumi na mbili zinamtaja Mungu "jinsi tunavyomwelewa", na Mkristo, Mwislamu na asiye na dini hukaa duara moja. Lakini si lazima kikundi kiwe cha AA ndipo kifae. Viko vya hospitali na viko vya dini vinavyofanya kazi nzuri.

Vipo pia vya kukimbiwa. Kimbia panapodaiwa kiingilio kikubwa au namba ya kitambulisho chako. Kimbia panapopigwa picha "kwa ajili ya mfadhili". Kimbia panapofungwa watu minyororo au kuchapwa, panapoahidiwa kupona kwa siku saba, panapouzwa mizizi baada ya kikao, na panapotakiwa ubadili dini. Zaidi ya yote, kimbia pale unapoambiwa uache ARV, dawa za TB au za kifafa kwa kuwa umeshaponywa. Kuna alama nyingine ya chini kidogo ambayo sisi huiangalia sana: kama katika kikao cha saa nzima kiongozi ameongea dakika arobaini, hicho si kikundi, ni mahubiri.

Kikao cha kawaida huchukua saa moja hadi moja na nusu. Watu watano mpaka kumi na wawili ni kiasi kizuri, wakizidi kumi na tano gawanyeni. Majina ni ya kwanza tu. Kila mmoja huongea dakika tatu hadi tano kuhusu yake mwenyewe, na hakuna anayemkatiza, kumhoji wala kumshauri. Hilo la kutoshauri ndilo gumu kwetu, maana tumelelewa kwamba mkubwa akisikia shida lazima atoe neno. Neno atalitoa baada ya kikao, nje, akiombwa. Mgeni halazimishwi kusema. Akisema "leo nimekuja kusikiliza", inatosha. Wengine huanza na sala, wengine huanza kimya. Mwisho bakuli huzungushwa, mia mbili au mia tano, ya chai na kodi ya chumba, na asiye nayo hupitisha bakuli mbele bila kuulizwa.

Kuhusu chai kuna jambo dogo. Anayemimina ampe mgeni nusu kikombe. Mikono ya siku ya tatu au ya nne bado inatetemeka, na kikombe kilichojaa kitamwagikia magoti yake mbele ya watu asiowajua. Huyo harudi tena, wala hatasema kwa nini. Nusu kikombe, kwenye kikombe kizito chenye mkono, na uketi upande wa pili usimtazame akinywa.

Mgeni asiondoke bila namba tatu za simu za watu wa jinsia yake. Tatu kwa sababu wa kwanza hatapokea. Baadaye atachagua mmoja wa kumshika mkono, ambaye wengi humwita mlezi: mtu mwenye angalau mwaka mmoja bila pombe, anayepigiwa kabla ya glasi ya kwanza. Akipigiwa baada yake, kazi imeshakuwa nyingine. Siku tisini za mwanzo hudhuria kila kikao unachoweza. Wapo wanaokwenda kila siku, na kwa mji wenye vikao viwili kwa wiki, siku zilizobaki zijazwe na simu.

Na kama umeuliza kote na jibu ni hakuna? Basi anzisheni. Mnahitaji watu watatu, chumba, siku moja na saa moja isiyobadilika. Chumba kisiwe nyumbani kwa mtu, kwa sababu siku akigombana na mkewe kikundi kinakufa. Darasa la shule, ukumbi wa ofisi ya kata, sehemu ya kusubiria ya zahanati baada ya saa 10 jioni, vyote vinafaa. Mwoneni mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, mjieleze kwa ujumla bila kutaja majina ya wanakikundi, ili mkusanyiko wenu usije kudhaniwa kitu kingine. Angalieni njia ya kufika. Katika mitaa ya mlimani kama Mabatini au Igogo, kinjia kimoja kinaweza kupita mbele ya vilabu vitatu. Chumba kizuri ambacho kukifikia ni kupita kwa mama gongo hakifai kitu.

Saa iwe ile ya kiu. Kwa mwenye kazi ya mchana ni kati ya saa 11 na nusu na saa 1 jioni, muda anaotoka kazini na wenzake wakimwita. Wengi huweka Jumapili saa 8 mchana kwa sababu chumba kinapatikana, kisha hushangaa watu wanaangukia Ijumaa. Wekeni Ijumaa, hasa ile ya mwisho wa mwezi.

Mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kalenda ni nyingine kabisa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, nyavu zinaanikwa, hesabu zinapigwa, na watu wana fedha mkononi na siku kama kumi za kukaa bure. Hapo ndipo kilabu kinapojaa. Kikundi cha mwaloni kinachokutana "kila Jumatano saa 12 jioni" hakitapata mvuvi wakati wa giza, maana saa hiyo anaingia ziwani, na wakati wa mbalamwezi mara moja kwa wiki haitoshi. Fanyeni hivi: wakati wa giza, mara mbili kwa wiki saa 9 alasiri, baada ya usingizi na kabla ya kuandaa vyombo. Wakati wa mbalamwezi, kila siku jioni. Kujua tarehe ni rahisi, tazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi mpevu ni karibu na tarehe 13 hadi 15, kwa hiyo kuanzia 10 mpaka 20 hivi kaeni kila siku. Viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wanaujua mzunguko huu kuliko mtu yeyote, waombeni kibanda.

Vikundi hufa kwa sababu ndogo. Inayoongoza ni ufunguo. Mwenye ufunguo amekwenda msibani Kwimba, watu wanne wamesimama nje ya mlango uliofungwa, na mita hamsini mbele kuna grosari yenye viti. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja, na kikao kisiahirishwe kwa msiba. Wawili wakibaki, wawili wakae.

Sababu ya pili ni fedha, na hapa tunajua tutapingwa. Kikundi kikifika watu kumi, atatokea mtu wa kusema jisajilini mchukue mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, au muanzishe VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, humo humo. Hatuna ugomvi na mikopo, lakini msiichanganye na kikao cha kuacha pombe. Mdaiwa huacha kuja kikaoni kwa kukwepa deni, na siku ya kugawana ni siku ya kuanguka: mtu wa miezi minne anashika laki tatu taslimu saa 12 jioni. Anayetaka mkopo aingie kikundi kingine, mtaa mwingine. Humu kusikopeshane hata nauli.

Akija mtu amelewa, msimfukuze. Kaeni naye karibu na mlango, asikilize tu, asiongee siku hiyo, na wawili wamsindikize nyumbani. Aliyerudia pombe naye haanzi kuhojiwa. Anaanza kuhesabu siku upya, na mnamuuliza jambo moja lenye faida: saa chache kabla ya glasi ile, alikuwa wapi na nani? Mara nyingi jibu ni njaa, ugomvi, mshahara au uchovu, na hayo yanapangika. Ila kama alirudi kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, rudini kwenye habari ya kutetemeka. Asikate tena ghafla kwa kuwa mara ya kwanza alipona, maana mara zinazofuata huweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Wanawake wanahitaji chao. Mwanamke mlevi hufichwa ndani, na akija kwenye duara la wanaume kumi, wawili kati yao watamtaka namba kwa nia nyingine. Saa 8 mchana watoto wakiwa shule, mwanamke mwenzao akiongoza. Mgumu zaidi ni mama anayepika gongo au wanzuki naye amezoea kuionja. Kumwambia aache bila biashara nyingine ni kumwambia watoto wasile. Huyo ndiye hasa wa kupelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii siku ileile anapoanza kikundi.

Familia nazo zina lao. Tangu mwaka 1951 kuna Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi, na mfumo wake unaigika hata bila jina. Chumba cha pili, saa ileile, wake na wazazi. Wanachojifunza huko ni kuacha mambo wanayoyafanya kwa upendo: kulipa deni la baa, kumpigia bosi simu kwamba anaumwa malaria, kumwaga chupa, kuapisha. Mtoto anayepigwa au kuachwa na njaa nyumbani kwa sababu ya pombe, namba ya bure ni 116.

Ombi letu, Mhariri, ni mistari minne kila Ijumaa, ukubwa wa tangazo la msiba. Eneo, siku, saa, na kama kikao ni cha wazi au cha faragha. Majina ya watu yasitajwe, namba ya simu iwe ya kikundi na si ya mtu, picha isiwepo. Kila kikundi kithibitishe kwako upya mwanzoni mwa mwezi, kwa sababu mgonjwa akifika akakuta mlango umefungwa ni vibaya kuliko asingesoma. Kwa mialo, mtuandikie pia tarehe za mbalamwezi. Orodha ya kwanza tutaileta wenyewe ofisini kwako, imeandikwa kwa mkono, na majina yetu tumekuachia kwenye bahasha tukiomba yasichapwe.

Wasomaji wako,
Nyamagana na Ilemela, Mwanza